Kipanya cha Gramu Arobaini na Tisa

Kazini walimwita Kidole, na hakuna aliyekumbuka tena nani alianza. Alikuwa mkaguzi katika kampuni iliyoagiza vifaa vya kompyuta na kuvisambaza madukani, na kazi yake kwa miaka kumi na sita ilikuwa hiyo hiyo moja: kuletewa kipanya, kukitumia, kisha kuandika kama kinafaa kuuzwa au hakifai. Jina lilitokana na kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia. Angegusa kitufe mara tatu, nne, aseme, "Hiki kitakufa kabla ya mwaka," watu wacheke, na kabla ya mwaka kife kweli.

Chumba cha ukaguzi kilikuwa ghorofa ya tatu, chenye dirisha moja lililotazama uwanja wa kushushia mizigo. Meza zilikuwa mbili. Kwenye meza ya Kidole palikuwa na kompyuta, mkeka mweusi wa kutelezeshea vipanya, na mzani mdogo kama wa sonara. Kwenye meza ya pili palikuwa na mashine ya kubofya, mkono wa chuma uliobonyeza kitufe mchana kutwa, tak, tak, tak, huku ukihesabu na kupima nguvu iliyotumika. Mtunzaji wa mashine hiyo aliitwa Waya, mtu mrefu mwembamba wa rika la Kidole, ambaye mwenyewe alisema kwamba akisimama ubavu hata mvua haimpati.

Wawili hao walitaniana tangu asubuhi mpaka jioni. Waya aliamini mashine, Kidole aliamini kidole. Mwaka mmoja mashine ilipitisha kipanya ambacho Kidole alikikataa. Meneja akaifuata mashine, na nusu ya shehena ikarudi kutoka madukani ikiwa mbovu. Tangu hapo, mashine na kidole vikipingana, meneja alisaini upande wa kidole. Kidole aliivaa heshima hiyo kama koti zuri. Hakujisifu, lakini alihakikisha linaonekana.

Kipanya chenyewe kilifika Jumatatu, ndani ya boksi la karatasi ngumu lisilo na picha. Kilikuwa cheupe, kisicho na waya, kimetengenezwa kwa ajili ya wacheza michezo ya kompyuta, wale wanaolenga shabaha na kurusha mkono huku na huku mezani kama wanaofukuza nzi. Watu hao hutaka kipanya chepesi, maana mkono unaosukuma uzito saa nne mfululizo huchoka. Kidole alikiweka kwenye mzani. Gramu arobaini na tisa.

"Yai hilo," alisema Waya.

"Yai lina kiini. Ngoja tuone hili lina nini."

Boksi lilikuwa na barua ya mtengenezaji. Alikuwa mwanamke mwenye karakana ya watu tisa. Aliandika kwamba umbo la kipanya alilifinyanga mwenyewe kwa udongo, akalichonga kwa mbao, akalirudia kwa miaka mitatu, na kwamba kampuni ikikikubali karakana itasimama imara. Kidole aliisoma akaiweka kando. Barua za namna hiyo zilikuja nyingi, na yeye hakuajiriwa kukagua barua.

Siku ya kwanza alikisifu. Ganda lilikuwa jembamba, lakini alipolibana halikulia. Vipande vya chini viliteleza mkekani kama sabuni kwenye kigae. Jicho linalosoma mwendo halikuruka hata alipokivuta kwa kasi. Alipokiacha kikiwaka usiku kucha, asubuhi alikuta betri bado ina robo tatu.

Siku ya pili alifungua mchezo aliozoea kupimia. Maduara mekundu hutokea kwenye kioo, nawe unayabofya kabla hayajapotea. Kwa kawaida hupata tisini katika mia. Alipata sabini na moja. Akarudia, sitini na nane. Alikisogeza karibu kile kipokezi kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta. Akazima kila kitu chumbani ambacho kingeweza kuvuruga mawasiliano, hata simu ya Waya. Sitini na sita. Kitufe cha kushoto kilikuwa kizito. Kila mbofyo ulitaka asukume, na mara nyingine alisukuma na duara likabaki pale pale, kama mtu anayeitwa akajifanya hasikii.

"Kibovu," alisema.

Waya alikichukua, akakifunga chini ya mkono wa chuma siku nzima. Jioni alikirudisha akiwa amekunja uso. "Mashine inasema kitufe hiki ni laini kuliko vyote vya mwaka huu. Mara elfu arobaini, hakijakosa hata moja."

"Mashine yako haichezi michezo."

"Na wewe umelala vizuri lakini?"

"Usinianze, Waya."

Ripoti aliyoandika ilikuwa fupi. Kitufe cha kushoto ni kizito na hakiaminiki. Mawasiliano yanakatika. Kisinunuliwe. Meneja, mama mmoja aliyekuwa na desturi ya kusoma mstari wa mwisho kwanza, hakuona haja ya kurudi juu. Alisaini.

Siku kumi baadaye mtengenezaji alikuja mwenyewe. Alikuwa mwanamke mfupi, wa makamo, na viganja vyake vilikuwa na makovu madogo ya patasi. Hakupiga kelele. Aliwasalimia wote wawili, akakataa kiti, akamwambia Kidole, "Kaka yangu, sikuja kugombana. Nimekuja unionyeshe. Vipanya mia tatu nimevipima kwa mkono wangu, sijaona ulichokiona wewe. Nionyeshe tu, nikarekebishe."

Kidole alikaa mezani, akafungua mchezo. Maduara yalitokea, akabofya, akakosa, akabofya. "Umeona? Hapo nimesukuma. Na hapo tena." Alikuwa akimwonyesha kioo, lakini alipogeuka alikuta mwanamke yule hatazami kioo. Alitazama mkono. Pale kati ya kidole gumba na cha shahada, ambapo mkono wa mtu huwa na kinofu kilichojaa, wake palibonyea kama godoro lililolaliwa, na ngozi ya juu ilikuwa inachezacheza yenyewe, kama kuna mdudu anayetafuta njia ya kutokea.

"Kaka," alisema kwa sauti ya chini, "hebu kishike kwa mkono wa kushoto."

"Mimi situmii kushoto."

"Ubofye tu. Mara moja."

Alikishika kwa kushoto, akagusa. Kitufe kilishuka kama hakikuwa na chochote chini yake. Akagusa tena. Kilikuwa laini kama macho yanavyofumba. Mashine ya Waya iliendelea kugonga nyuma yao, tak, tak, tak, kisha Waya akanyoosha mkono akaizima.

"Nitalipitia tena suala lako," alisema Kidole. Sauti yake ilikuwa ya ofisini kabisa.

Pengine mwanamke alikuja na maneno mengi, na sasa hakuona tena mahali pa kuyaweka. "Mimi nina watu tisa," alisema, akachukua mkoba wake akaondoka.

Hakulipitia. Hapo ndipo ubaya wake ulipo, na baadaye yeye mwenyewe hakutaka mtu amtetee. Kwa siku kumi na tisa aliiacha ripoti kama ilivyo, kwa sababu kuibadilisha kulikuwa kukiri, na kukiri kulikuwa kufungua mlango aliokuwa ameuegemea kwa mgongo tangu utoto.

Mama yake alianza kwa kuangusha vikombe. Kidole alikuwa na miaka tisa. Kwanza walimcheka, kisha walimkemea, kisha baba akanunua vikombe vya bati. Mwaka uliofuata hakuweza kufunga vifungo. Mwaka wa pili dada alimlisha kwa kijiko, na mwaka wa tatu akawa anameza kwa shida, akiwatazama kwa macho yenye akili timamu kabisa, na hilo ndilo lililowaumiza. Alikufa kabla hajafika miaka hamsini. Hospitali ndogo waliyompeleka iliandika neno ambalo baba hakulielewa na hakulirudia.

Siku zile kumi na tisa Kidole alijichunguza kwa siri. Asubuhi moja, mke wake, mwalimu wa shule ya msingi, alimkuta bafuni akihangaika na kifungo cha shati.

"Nikusaidie?"

"Kwani mimi mtoto?"

Mke alirudi nyuma. Baada ya miaka ishirini ya ndoa alijua tofauti ya hasira na woga, ila hakujua woga huu ni wa nini, maana mumewe hakuwahi kumwambia mama yake aliugua nini. Alisema tu alikufa kwa homa.

Siku ya ishirini alikwenda kwa dada yake. Dada alikuwa mshonaji, mkubwa kwake kwa miaka minane; ndiye aliyemlea baada ya mama. Alikuwa na chumba kimoja cha kazi kilichojaa vitambaa na cherehani mbili. Kidole alikaa kwenye kigoda cha wateja, wakaongea habari za mvua na bei za vitu, na muda wote mkono wa kulia aliuficha mfukoni.

"Utoe," alisema dada bila kuinua macho kwenye mshono.

"Nini?"

"Huo mkono. Tangu uingie umekaa kama mwizi wa mayai."

Akautoa. Dada aliacha cherehani ikasimama yenyewe. Akaushika mkono ule, akaugeuza, akapitisha kidole gumba chake kwenye lile bonde, taratibu, kama anavyopima kitambaa kilichochakaa ili ajue kitastahimili sindano au kitachanika.

"Lini?"

"Sijui. Nimegundua mwezi huu."

"Umemwambia mkeo?"

"Bado."

"Mwambie leo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe unamficha mtu anayelala ubavuni mwako."

Kidole alitaka kumwuliza kama naye ana dalili, akashindwa, akauliza kwa macho. Dada alielewa. Alinyoosha vidole vyake vyote kumi juu ya meza.

"Mimi kila asubuhi natunga uzi kwenye sindano nyembamba kuliko zote nilizo nazo, kabla sijanywa chai. Miaka ishirini na saba sasa. Siku nitakayoshindwa, nitajua ni macho au ni vidole." Akavikunja. "Leo nimeweza."

Miaka ishirini na saba, na hakuwahi kumwambia ndugu yake. Kidole alijiona mpumbavu aliyekuwa akiishi nyumba moja na nyoka bila kujua, wakati mwenzake alilala macho kila siku akimsikiliza. Kisha akamkumbuka binti yake, aliyekuwa shule ya bweni akijifunza kupiga kinanda, na hapo ndipo alipolia. Dada hakumnyamazisha. Alifunga mlango ili wateja wasiingie.

Alimwambia mke wake jioni hiyo. Mke alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: "Yaani hata homa ilikuwa uongo?" Halafu akaenda kumfungulia vifungo vya shati, na safari hii hakumkatalia.

Daktari wa mishipa ya fahamu alimchoma misuli sindano za umeme, mkono wa kulia, wa kushoto, ulimi. Alikuwa na adabu. Alisema ugonjwa huo unaua nyuzi zinazopeleka amri kutoka ubongoni hadi kwenye misuli, kwamba kwa baadhi ya familia hurithiwa, kwamba dawa ya kuuponya hakuna, na kwamba mkono wa kushoto nao umeshaanza ingawa yeye hajahisi. Mke aliandika kila neno kwenye daftari la shule. Kidole aliuliza, "Huo ugonjwa unaweza kumfanya mtu aone kitufe laini ni kigumu?"

Daktari alidhani anachanganyikiwa. "Kitufe gani?"

"Chochote."

"Kila kitu kitakuwa kigumu," alisema daktari.

Kesho yake alipanda ghorofa ya tatu, akamwomba Waya wafuatane kwa meneja, akasema yote akiwa amesimama. Kipanya hakina kosa. Kosa ni langu, na nimelijua siku ishirini na tatu nikanyamaza. Meneja alikuwa mtu mwenye huruma, alimpa pole ya kweli. Lakini alikuwa meneja pia, na baada ya pole akauliza kile ambacho Kidole hakuwa amekifikiria.

"Na ripoti zako nyingine za mwaka huu?"

Wakarudi chumbani, wakazitoa. Waya alifungua kumbukumbu za mashine, Kidole akafungua ripoti zake, wakaanza mwanzoni mwa mwaka jana wakisoma kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, namba na maneno. Miezi ya kwanza vilikwenda sambamba kama magurudumu ya gari moja. Kisha, mwezi wa nne wa mwaka huu, Kidole alisoma, "Kitufe kinataka nguvu kidogo," na Waya akasoma namba ya kawaida kabisa. Wakatazamana. Mwezi wa tano: "Vitufe vigumu kiasi." Mwezi wa sita: "Gurudumu linakwama." Mwezi wa saba: "Kizito kwa mkono." Mwezi wa nane: "Kinachosha." Alikuwa ameuandika ugonjwa wake hatua kwa hatua, kwa tarehe, akausaini, na kila mara aliutia jina la kifaa cha mtu mwingine.

"Hapa," alisema Waya, kidole chake kwenye ule mstari wa mwezi wa nne. "Hapa ndipo ilipoanzia."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia. Nilikuambia mashine inasema hivi." Waya alivua miwani akaifuta kwa shati. "Ila na mimi nilisaini chini yako kila mara. Nilikuogopa, bwana. Ungenicheka."

Walipata vipanya kumi na moja vilivyokataliwa bila haki. Meneja aliandika barua kumi na moja za kuomba radhi. Za watu wengine zilijibiwa kwa hasira au hazikujibiwa. Kwa mwanamke wa gramu arobaini na tisa barua haikutosha, Kidole alisema, akaomba aende mwenyewe. Waya aliendesha gari.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye paa la bati. Ndani walikuta watu wanne, na hawakuwa wakitengeneza vipanya. Walikuwa wakikata vishikio vya plastiki vya milango ya kabati. Mwanamke alisema kwamba kukataliwa kule kulienea. Wasambazaji wengine wawili waliuliza kampuni yenu imesemaje, wakaambiwa, nao wakajitoa. Kalibu za chuma alizotumia kumimina maganda alikuwa ameziuza zikayeyushwe. Watu watano walikwenda kutafuta riziki kwingine.

"Nilikuona mkono siku ile," alisema. "Nilirudi nyumbani nikasema, yule kaka ataiandika upya kesho. Nikangoja wiki. Nikangoja ya pili."

"Nilijua siku ile ile," alisema Kidole.

"Najua ulijua. Niliona uso."

Kidole alisubiri amtukane. Hakumtukana. Alimwuliza Kidole daktari amesema nini, Kidole akamjibu, naye akatikisa kichwa na kusema, "Pole sana, kaka," na ilikuwa pole ya kweli. Kidole alipomwomba msamaha, hata hivyo, mwanamke aliokota kishikio cha kabati mezani, akakikwangua makali kwa kucha.

"Hilo sina," alisema mwishoni. "Pole ninayo, nimekupa. Hilo lingine sijalipata bado, na nisikudanganye."

Kidole aliacha kazi mwezi uliofuata. Mkono wa kulia ulilala kabisa kabla ya mwaka mpya, wa kushoto ukafuata wakati wa mvua. Nyumbani alikuwa na kimoja cha vile vipanya vyeupe, sampuli ile ile ya kwanza, na ndicho kifaa pekee alichoweza kukisukuma katika miezi ile; alikitumia kusoma habari na barua za binti yake, mpaka gramu arobaini na tisa nazo zikamshinda. Binti alijua yote. Mama yake ndiye aliyemwambia, likizoni, wakiwa wamefungua lile daftari. Hakutaka kupimwa, alisema, bado, akaendelea na kinanda chake. Dada alikuja kila Jumapili na mshono mkobani. Hakuna aliyemwuliza habari za uzi na sindano yake ya asubuhi, na yeye hakuzisema.

Waya naye alikuja. Mara ya mwisho Kidole alikuwa bado anaongea, ingawa maneno yalitoka kama yamelowa. Waya alileta vipanya viwili vipya, akavuta kiti karibu na kitanda, akasema mashine imeshindwa kuamua na masikio ya Kidole bado ni mazima. Akakibofya cha kwanza karibu na sikio lake, mara kumi, kisha cha pili, mara kumi.

Kidole alifumba macho akasikiliza. Alisikiliza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu ilikuwa kazi. "Cha pili," alisema. "Kina mchanga. Ndani."

Waya aliinua kile cha pili akakitazama juu na chini. "Kweli kabisa," alisema. "Kuna mchanga. Kidole ni kidole bwana!" Akacheka, akavirudisha vyote viwili kwenye mfuko mmoja.

Kidole aliona kwamba Waya hakukifungua kuona huo mchanga, na kwamba hakuja na bisibisi. Alitaka kumwambia jambo, lakini sentensi ilikuwa ndefu na pumzi ilikuwa fupi. Mke aliingia na kikombe cha uji na kijiko, Waya akasimama kumpisha kiti.